Mtumbwi wa Wawili, Kafi la Mmoja

Wasikilizaji wa Vitshumbi, wa Nyakakoma, wa Kyavinyonge, na ninyi wa Goma mnaokula samaki wetu bila kuuliza wametoka maji gani, nisikilizeni. Kama redio iko mikononi mwa baba, na mama yuko nje anageuza samaki wa chumvi juani, basi baba, nakuomba uongeze sauti kidogo. Leo nina maneno na mama zaidi kuliko na wewe. Wewe utasikia tu.

Nataka tuzungumze juu ya mke na mume wenye chombo chao cha majini. Duniani wako watu wa ndoa waliouza nyumba, wakanunua mashua ya tanga, wakahamia humo. Kitanda kimo humo, jiko limo humo, na sanduku la dawa pia. Wanafuata pwani. Bandari ikiwachosha wanang'oa nanga, wanatweka tanga, wanakwenda kwenye nyingine. Hawavui samaki wa kuuza, hawabebi mizigo ya watu. Wanaishi tu, na maji ndiyo uwanja wao.

Najua mtakachosema, maana hata mimi nilikisema kabla yenu: hao ni wazungu waliostaafu, pensheni inaingia kila mwezi, sisi tuna nyavu za kushona. Kuna ukweli hapo. Lakini sikilizeni habari za Lin na Larry Pardey. Larry alikuwa Mkanada, Lin ni Mmarekani. Walikutana California mwaka 1965, na kwa miaka mitatu wakawa wanajenga mashua kwa mikono yao, wakaishusha majini mwaka 1968. Waliiita Seraffyn. Urefu wake futi 24 na inchi 4, yaani mita saba na kitu. Mvuvi wa Vitshumbi akisimama kando yake hataona kitu cha kumtisha. Haikuwa na injini hata kidogo. Choo chao kilikuwa ndoo. Kwa chombo hicho walizunguka dunia. Pesa zikiisha, wanatia nanga kwenye bandari fulani, Larry anatengeneza mashua za watu, Lin anaandika makala na vitabu, wakipata akiba wanaondoka tena. Mwaka 1983 walishusha chombo cha pili, nacho walikijenga wenyewe, nacho hakikuwa na injini. Larry alifariki mwaka 2020. Hapo sioni pensheni, naona seremala na mkewe.

Kinachonivuta kwa watu wa namna hii ni jinsi wanavyogawana kazi, au niseme jinsi wanavyokataa kuigawa. Mashua ya watu wawili haina abiria. Usiku mmoja analala, mwingine yuko kwenye usukani, na baada ya saa tatu au nne wanabadilishana. Aliyelala amekabidhi roho yake kwa aliye macho. Sasa fikirini: mume ametoka kwenda kufunga kamba mbele, mguu umeteleza, yuko majini. Mashua inakwenda kama kilomita tisa kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa kwa chombo kidogo chenye tanga. Katika dakika moja imeshamwacha mita 150 nyuma. Kichwa cha mtu kati ya mawimbi, gizani, kwa umbali huo hakionekani. Mke aliyebaki anatakiwa alegeze tanga, ageuze chombo, amrudie kutoka upande ambao upepo hautamsukumia mbali, kisha amvute mtu mzito aliyelowa. Kama alikuwa anajua kupika tu, basi amekuwa mjane ndani ya dakika moja. Ndiyo maana wenye akili kati yao hufanya mazoezi: mume anatupa kitu majini mchana kweupe, mke anakifuata hadi akipate, kesho wanabadilishana.

Turudi nyumbani.

Ziwa letu, Ziwa Edward, lina eneo la kilomita za mraba kama 2,300, na sehemu kubwa yake iko Kongo, iliyobaki iko Uganda. Lote la upande wetu limo ndani ya mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1925, na vijiji vya uvuvi vinavyokubaliwa na sheria ni vile vitatu nilivyovitaja mwanzoni. Kwa hiyo mtumbwi wa Vitshumbi si kitu cha kujinunulia na kushusha majini unavyotaka. Kuna idadi, kuna namba, kuna ushirika wa wavuvi wa COPEVI, kuna walinzi wa mbuga wa ICCN, kuna mahali samaki wanapozalia ambapo nyavu hazigusi. Mtumbwi wenye karatasi zake ni mali kubwa. Kwa nyumba nyingi ndiyo mali yenyewe, hakuna nyingine, maana shamba hulimi ndani ya mbuga na ng'ombe hufugi.

Na mali hiyo imepatikanaje? Akina mama wanajua. Baba alikuwa na nguvu na ujuzi. Mama alikuwa na mtaji: alianza na karai moja la tilapia, akalipeleka Kanyabayonga, akarudi na faida ndogo, akaongeza kambale, akafika Butembo, akafika Goma. Akiba yake ikaingia kwenye mbao. Akiba yake ikaingia kwenye nyavu. Motere ilipoharibika, ni yeye aliyekwenda kukopa. Anajua bei ya petroli kuliko baba, anajua nani anadaiwa, anajua msimu ambao samaki wa chumvi wanashuka bei. Ukimwambia mtu yeyote pale ufukoni kwamba mtumbwi ule ni wa baba peke yake, atacheka.

Lakini mguu wa mama haujawahi kuingia humo.

Katika maziwa yetu mengi kuna imani kwamba mwanamke akipanda mtumbwi wa uvuvi, nyavu zitarudi tupu. Sikuja hapa kugombana na wazee. Nauliza tu: yule samaki aliyenaswa usiku, anajuaje nani alipanda mtumbwi mchana? Na kama mkono wa mwanamke una mkosi, mbona nyavu zile zile zilinunuliwa kwa pesa zilizotoka mkononi mwake? Mkosi wa kuchagua namna hiyo mimi nautilia shaka.

Matokeo yake ni haya. Mtumbwi ni wa wawili, kafi ni la mmoja. Nao huenda sawa mpaka siku ambayo yule mmoja harudi.

Na sababu za kutorudi tunazijua. Kwanza ziwa lenyewe. Upande wa magharibi tuna milima ya Mitumba imesimama kama ukuta. Usiku milima inapoa, hewa nzito inashuka kuelekea majini, na ikikutana na dhoruba ya mvua, maji yaliyokuwa yametulia saa moja iliyopita yanakuwa kitu kingine. Kuna kiboko. Miaka ya 1970 viboko wa mbuga hii walikaribia 30,000, na kufikia mwaka 2005 hawakufika 1,000, waliuawa kwa ajili ya nyama na meno. Wavuvi waliwalilia, na walikuwa na haki, maana mavi ya kiboko ndiyo yanayolisha maji ambayo samaki wanakulia. Hata hivyo, ukikutana na mmoja chini ya mtumbwi wako gizani, hutakumbuka faida zake.

Halafu kuna watu. Mpaka wa Uganda unapita majini na hauna nguzo hata moja. Wavu ukisukumwa na maji, mvuvi anaufuata, na anapoinua kichwa yuko mbele ya boti ya askari wa ng'ambo. Ni wangapi wamefungwa hivyo, mtumbwi ukachukuliwa, motere ikachukuliwa, familia ikabaki kuchanga? Mwezi wa Julai 2018 askari wa maji wa nchi hizi mbili walifikia kurushiana risasi kwenye ziwa hili hili, watu wakafa. Na upande wetu wenyewe kuna wenye silaha wanaoteka wavuvi na kudai pesa, kuna wanaotoza kodi kila mtumbwi unaopita. Bendera zinabadilika, mvuvi ni yule yule.

Hapa nitawapeleka pwani ya Bahari ya Hindi, kwa sababu kuna kisa cha huko ambacho mtu wa Vitshumbi anaweza kukielewa kuliko mtu wa London.

Mnamo Oktoba 2009 Paul na Rachel Chandler, Waingereza, mke na mume wa umri mkubwa, waliondoka visiwa vya Ushelisheli kwa mashua yao Lynn Rival, urefu wake futi 38. Walikuwa wanakwenda Tanga, Tanzania. Tanga ni bandari ya Waswahili, si mbali na Pemba, na mabaharia wa mashua ndogo wanaipenda. Mwendo wa chombo cha tanga katika pwani ile unaamuliwa na pepo mbili: kaskazi, inayovuma kuanzia Desemba hadi karibu Machi, na kusi, inayovuma katikati ya mwaka. Oktoba iko kati ya hizo mbili, upepo umepungua, bahari si kali. Kwa hesabu ya hali ya hewa walichagua vizuri. Usiku wa tarehe 23, Rachel alikuwa zamu, Paul amelala. Wakatokea maharamia wa Kisomali wenye bunduki.

Waliwapeleka kwenye meli ya makontena iitwayo Kota Wajar, ambayo ilikuwa imetekwa siku chache kabla. Meli ya msaada ya jeshi la wanamaji la Uingereza ilikuwa karibu ikaona jambo hilo kwa macho, ikashindwa kuingilia kwa kuogopa kwamba wale wawili wangeuawa. Kisha ikawa nchi kavu, Somalia, kambi hadi kambi, siku 388 kwa jumla tangu kutekwa. Waliachiliwa tarehe 14 Novemba 2010, baada ya fidia kulipwa.

Ndani ya siku hizo kuna jambo moja ambalo siliachi. Watekaji waliamua kuwatenganisha, huyu huku, yule kule. Wakakataa. Wakashikana. Wakapigwa, na bado wakatenganishwa kwa muda mrefu. Mtu anaweza kusema ni mapenzi tu, na iwe hivyo. Mimi naona na kitu cha pili. Hao walikuwa watu waliozoea kwamba mmoja akilala mwingine yuko macho. Ukiwatenganisha, umewaondolea nusu ya akili yao.

Walipotoka wakalaumiwa. Magazeti ya kwao hayakukosa wa kusema: nani aliwatuma bahari yenye maharamia? Mambo hayo tunayajua. Mvuvi akikamatwa na askari wa ng'ambo, jirani atasema, "Si alikwenda mwenyewe?" Aliyeibiwa siku zote ana kosa la kuwa na kitu. Lynn Rival ilipatikana baharini, ikarudishwa Uingereza, wakaitengeneza, na mwaka 2012 wakaanza safari tena kwa mashua ile ile. Wawili. Kila mmoja anajua kazi zote.

Sasa wewe mama wa Vitshumbi, nikuulize. Baba akikamatwa leo usiku, unajua namba ya mtumbwi wenu? Unajua namba ya motere? Unajua majina kamili ya vijana waliokwenda naye, na wazazi wao wako wapi? Unajua wavu wa jana uliwekwa upande wa mto Rutshuru au upande wa Ishasha? Mtu akija na habari kwamba mtumbwi umeonekana mahali fulani, utajua kama anakudanganya? Wako wanaoishi kwa kuuza habari za uongo kwa wake za waliopotea. Na pesa ya kwanza wanayokula ni ya mke asiyejua ziwa.

Na baba asiporudi kabisa, shemeji watakuja. Watakaa, watalia nawe, na siku ya kumaliza matanga mmoja atauliza funguo za motere ziko wapi. Hapo sheria iko upande wako kuliko unavyodhani, ila inataka karatasi. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kabla ya kutia saini mambo mengi ya mali. Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Tangu siku ile mke anaweza kutia saini, anaweza kukopa, anaweza kuandikisha chombo kwa jina lake, na mambo makubwa ya nyumba yanataka makubaliano ya wote wawili. Lakini sheria inamtambua mke aliyeandikishwa kwenye etasivili, ofisi ya serikali inayoandika ndoa. Mahari ililipwa, mbuzi waliliwa, picha zipo ukutani, na bado afisa atakuuliza: cheti kiko wapi? Nyumba ngapi pale Vitshumbi zina cheti? Wenye cheti wasikie vizuri, na wasio nacho wasikie vizuri zaidi.

Na karatasi peke yake haitoshi. Kwenye Ziwa Victoria, upande wa Kenya, kuna ufuko unaoitwa Nduru. Huko akina mama wauza samaki walikuwa wanabanwa na wavuvi watoe miili yao ndipo wapewe samaki, desturi mbaya inayojulikana huko kwa jina la jaboya. Kuanzia kama mwaka 2011, kwa msaada wa wafadhili, baadhi ya akina mama walipata mitumbwi yao. Mambo yakageuka: mama ndiye mwenye chombo, mvuvi ndiye anayeomba kazi. Nilifurahi kusikia hayo. Lakini waliokwenda majini bado walikuwa wanaume wa kuajiriwa, na mwenye mtumbwi anayesubiri ufukoni anaamini hesabu anayoletewa. Mwaka 2020 maji yalipanda, ufuko ukazama, watu wakahama. Mali waliipata, na mabadiliko yalikuwa ya kweli. Ila kafi lilibaki mikononi mwa mwingine.

Mtaniuliza: na watoto? Hilo ni swali zito kuliko yote, na siwezi kulipita kwa mzaha. Akina Pardey hawakuwa na mtoto ndani ya mashua. Mama wa Vitshumbi ana mmoja mgongoni, mmoja miguuni, na mwingine ametumwa chumvi. Sisemi aende kulala ziwani. Sisemi aache soko, maana soko lake ndilo linaloweka nyavu majini. Ninachosema ni kidogo sana: ajue. Jioni moja kwa juma, maji yakiwa yametulia, kabla nyavu hazijapakiwa, baba na mama waingie mtumbwini karibu na ufuko, kila mmoja na jile yake ya kuelea. Mama ashike kafi. Ajifunze kuwasha motere na kuizima, kugeuza mtumbwi, kumrudia mtu aliye majini bila kumgonga. Waoneshane sehemu za mazalio zilizokatazwa, ili siku mlinzi akimuuliza ajibu kama mwenye chombo. Kama kuna simu yenye ramani, waangalie pamoja mpaka uko wapi, kwa sababu majini hauonekani ila kwenye simu unaonekana.

Mwezi wa Machi 2024, waasi wa M23 walipoingia Vitshumbi, wako waliokimbia kwa mitumbwi. Siku kama ile hakuna anayeuliza mkosi wa nani. Swali ni moja tu ufukoni: nani kati yetu anajua kupiga kafi? Na nataka kujua ni akina mama wangapi waliosimama kando ya mtumbwi wao wenyewe, mtumbwi ambao kwa ajili yake walinuka chumvi miaka kumi, wakisubiri mwanaume yeyote apite.

Nilipomsomea mzee mmoja mvuvi maneno haya, alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akaniambia yeye hana neno juu ya mkewe kupanda. Mkosi wenyewe haamini sana. Shida yake ni nyingine: mke akishajua mahali anapotega, atawaambia kaka zake, na kaka zake wote watatu ni wavuvi wa Kyavinyonge. Mzee, kwa shemeji zako sina dawa. Mfundishe kuwasha motere kwanza, mahali pa kutega mtajadiliana baadaye.